Askari Asiye na Kofia

Mwaka 1970, majaji wa Mahakama Kuu ya London waliovaa majoho na nywele za bandia walikaa kuamua kama askari polisi aliye kichwa wazi anahesabika kuwa amevaa sare. Koti alikuwa nalo, vifungo vya chuma vilikuwepo, suruali na buti pia. Kilichokosekana ni kofia tu. Sheria ilisema kwamba mwenye ruhusa ya kumtaka dereva apulize kipimo cha pombe ni askari aliyevaa sare, na dereva aliyekuwa kizimbani alishikilia kwamba sare bila kofia si sare. Majaji walimkatalia. Askari yule alitambulika wazi kuwa ni askari, wakasema, kofia iwe kichwani au isiwe.

Unaweza kucheka, na magazeti ya Uingereza yalicheka sana enzi hizo. Lakini kesi ile haikuwa ya kipuuzi peke yake. Ilikuwa moja katika msururu mrefu wa kesi zilizopiganwa kwa karibu miaka ishirini, na ndani yake ni nadra kumkuta dereva aliyesimama kusema, "Mheshimiwa, sikulewa." Walichosema ni kwamba askari hakuvaa kofia, au kwamba gari lilikuwa limeshasimama, au kwamba kipimo hakikuwa na idhini ya waziri, au kwamba polisi waliingia nyumbani bila hodi. Na mara nyingi walishinda.

Mtu wa kwanza anayetajwa katika historia hii hakuwa na ujanja wowote. Usiku wa manane wa Septemba 1897, kijana mmoja aitwaye George Smith, dereva wa teksi ya umeme mjini London, alipoteza mwelekeo akapanda kando ya barabara na kuparamia nyumba namba 165 ya New Bond Street. Ndiyo, teksi ya umeme. London ilikuwa nazo mwaka huo, zikivuma kama nyuki. Smith alikiri kosa, akatozwa faini, mambo yakaisha. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1872, na iliandikwa kabla ya magari kuwapo: ilimhusu mlevi anayesimamia mkokoteni, farasi, ng'ombe au injini ya mvuke, na pia mlevi mwenye bunduki iliyojaa risasi.

Magari yalipoongezeka, Bunge liliona ng'ombe na injini ya mvuke havitoshi. Sheria ya Barabara ya 1930 ikaja na maneno mapya, ambayo naomba msomaji ayashike kwa sababu tutakutana nayo tena mbali sana na London. Kosa, ilisema sheria, ni kuendesha gari ukiwa umekolewa na kileo au dawa kiasi cha kutoweza kulimudu gari ipasavyo. Kunywa pekee hakukuwa kosa, hata unywe kiasi gani. Mshitaki alipaswa kuthibitisha kwamba mkono wa dereva haukuweza tena kazi yake.

Sasa utathibitishaje hilo saa saba za usiku? Daktari wa polisi alitolewa kitandani, akaja kituoni na mkoba wake. Alimwambia mshukiwa atembee juu ya mstari wa chaki sakafuni, ageuke, arudi. Alimwagia sarafu mezani amwone anavyoziokota. Alimtamkisha maneno magumu, kama mtu wa kwetu angeambiwa aseme kitanzandimi cha liwali na wali wake bila kuteleza. Kisha alimwangalia macho, akamnusa, akaandika ripoti.

Ripoti ya namna hiyo ni chakula cha wakili. Mteja wangu aliyumba kwa sababu ametoka kupata ajali, ni mshtuko. Macho mekundu? Hakulala siku mbili. Harufu ya pombe? Mheshimiwa, harufu haiendeshi gari. Mwenye kisukari aliyeishiwa sukari mwilini huongea na kuyumba kama mlevi, na huo ni ukweli wa kitabibu, kwa hiyo kila wakili aliuliza kama daktari alipima. Isitoshe, mshitakiwa alikuwa na haki ya kuchagua kesi yake isikilizwe na jopo la raia kumi na wawili, na wengi walichagua hivyo. Raia hao nao walikuwa wenye magari na wapenda baa. Walipomtazama aliyeko kizimbani walijiona wenyewe Ijumaa iliyopita, wakamwachia.

Wakati huohuo, upande wa pili wa bahari, watu wa Skandinavia walikuwa wamechoka na chaki. Msweden Erik Widmark alichapisha mwaka 1922 njia ya kupima pombe kwa matone machache tu ya damu, kisha akakokotoa jinsi mwili unavyoipunguza saa baada ya saa. Norway mwaka 1936 ikawa nchi ya kwanza kuweka namba ndani ya sheria: ukizidi kiwango hiki katika damu, una kosa, hata kama unatembea wima kama mnara. Waingereza waliliangalia wazo hilo kwa miaka thelathini bila kuligusa. Mwaka 1962 walilegeza kidogo maneno ya 1930 na kuruhusu damu itumike kama ushahidi, lakini hukumu bado ilirudi kwenye swali lilelile la kumudu au kutomudu.

Aliyethubutu ni mwanamke ambaye hata leseni ya udereva hakuwa nayo. Barbara Castle aliteuliwa kuwa Waziri wa Uchukuzi mwishoni mwa 1965. Wenye baa walimchukia, alipokea barua za vitisho vya kuuawa, na wanaume walimwambia hadharani kwamba mwanamke asiyeendesha gari hana la kuwafundisha. Alitaka polisi waruhusiwe kumsimamisha yeyote na kumpima. Hilo lilimshinda bungeni. Akapata lililobaki. Tarehe 9 Oktoba 1967 kiwango kilianza kutumika: miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Katika mwaka wa kwanza waliokufa barabarani walipungua kwa 1,152. Namba hiyo ndiyo ninayoikumbuka kila ninaposoma kesi zilizofuata, maana kesi hizo zinachekesha, na ni rahisi kusahau kilichokuwa nyuma yake.

Kipimo chenyewe kilitoka Ujerumani. Kilikuwa mrija wa kioo, mdogo kuliko kalamu, uliojazwa chembechembe za manjano. Askari alivunja ncha zake mbili, akachomeka mdomo wa plastiki upande mmoja na mfuko mtupu upande mwingine, akamwambia dereva apulize mpaka mfuko ujae. Pumzi yenye pombe ilipopita, chembechembe ziligeuka kijani. Katikati ya mrija palichorwa mstari. Kijani kikivuka mstari, twende kituoni. Mitaani ilivuma kwamba ukimung'unya sarafu ya shaba kipimo hakisomi, na sijui ni walevi wangapi waliokamatwa na senti mdomoni.

Castle na wanasheria wake walidhani namba imemaliza ubishi. Nani atabishana na maabara? Kumbe walihamisha tu uwanja wa mapambano. Sheria ya 1967 ilikuwa imejengwa kama mnyororo. Pete ya kwanza: askari mwenye sare. Ya pili: mtu anayeendesha au anayejaribu kuendesha. Ya tatu: sababu ya kumshuku, au kosa la barabarani. Ya nne: kipimo kilichoidhinishwa na waziri. Kisha kukamatwa, kisha kupuliza tena kituoni, na ndipo damu au mkojo upelekwe maabara. Mapema tu majaji walitamka kwamba pete moja ikikatika mnyororo wote umekatika, hata kama maabara imekuta dereva amejaa pombe hadi kooni. Mbele yao ilikuwa kesi ambayo upande wa mashitaka ulisahau kuleta ushahidi kwamba kipimo kile kiliidhinishwa. Dereva akaenda nyumbani.

Mawakili wakaipata ramani. Wakaanza kuvuta pete moja baada ya nyingine.

Neno "anayeendesha" lilifika hadi Baraza la Malodi, ambalo enzi hizo lilikuwa mahakama ya juu kabisa. Polisi walisimamisha gari usiku kwa sababu taa ya kibao cha namba cha nyuma haikuwaka. Dereva akashuka, wakazungumza habari ya taa. Katikati ya mazungumzo ndipo pombe ilipowafikia puani. Je, wakati anatakiwa apulize, mtu yule aliyesimama kando ya gari lake akijadili balbu alikuwa "anaendesha"? Malodi, kwa wingi wa kura, walisema hapana, mwaka 1969. Ukilisoma neno kama linavyosemwa na watu, wana haki. Ukifikiria barabara, unajishika kichwa: karibu kila dereva anayepimwa huwa amesimamishwa kwanza.

Si kila pete ilikatika. Maelezo ya kiwanda yalisema kipimo kisitumike mpaka dakika 20 zipite tangu kinywaji cha mwisho, kwa kuwa pombe iliyobaki mdomoni huidanganya pumzi. Mawakili waliirukia karatasi hiyo kama mwewe. Malodi wakawajibu kwamba askari aliyetenda kwa nia njema, bila kujua kwamba mtu amekunywa sasa hivi, hakuvunja sheria.

Lakini mbinu iliyopendwa kuliko zote ilihitaji chupa bapa ya mfukoni tu, ile inayokaa vizuri kwenye koti. Umegonga ukuta. Kabla polisi hawajafika unashuka, unatoa brandi, unapiga mafunda mawili matatu mbele ya mashahidi, na unasema kwa sauti kwamba unatuliza mshtuko. Polisi wakifika wanakuta mtu aliyelewa, sawa, lakini amelewa lini? Damu yako sasa ina pombe ya kabla na pombe ya baada, na hakuna maabara inayoweza kuzitenganisha. Mwaka 1971 Malodi walikubali kwamba sheria ilivyoandikwa haikuruhusu upande wa mashitaka kufanya hesabu ya kuiondoa pombe ya baadaye. Sampuli imeharibika, kesi imekufa. Nadhani hakuna hukumu nyingine ya Malodi iliyowahi kusimuliwa baa kwa furaha kama ile.

Kulikuwa na toleo la nyumbani pia. Baada ya ajali, mtu hukimbilia kwake, hufunga mlango. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1980, polisi wawili walifika nyumbani kwa dereva wa namna hiyo, mwanawe akawafungulia. Baba alikuwa juu, kitandani. Alimtuma mwanawe ashuke awaambie kwamba hataki kuwaona na kwamba watoke nyumbani mwake. Ujumbe ulifika. Polisi walipanda ngazi, wakaingia chumbani, wakamtaka apulize. Alikataa, akashitakiwa kwa kukataa. Malodi walimwachia huru. Tangu aliposema tokeni, walieleza, polisi wale walikuwa wavamizi, na mvamizi hawezi kumwamuru mwenye nyumba jambo lolote.

Mimi hukumu hii naipenda. Si kwa sababu ya dereva. Dereva yule simjui na pengine alistahili faini yake. Naipenda kwa sababu majaji waliuona mlango wa chumba cha kulala kuwa jambo zito kuliko mrija wa kioo. Na waliompa ushindi walijua fika kwamba kesho walevi wengine wataigiza.

Serikali ilikuwa imeshaona mapema kwamba mnyororo umeoza. Kamati iliyoongozwa na wakili Frank Blennerhassett iliripoti mwaka 1976 kwamba sheria imekuwa msitu ambamo wenye kosa wanapotelea. Ilichukua miaka mingine mitano Bunge kuandika upya, na Mei 1983 utaratibu mpya ukaanza. Mrija ukabaki kando ya barabara kwa kuchuja tu. Kituoni pakawekwa mashine inayosoma pumzi na kuchapa karatasi: mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi ndizo zikawa mpaka. Mwenye chupa ya mfukoni hakunyimwa utetezi wake, ila aligeuziwa kibao. Sasa ni yeye anayepaswa kuthibitisha kwamba bila mafunda yale ya baadaye asingevuka kiwango, na kwa hilo anahitaji mtaalamu wa kulipwa mwenye kujua hesabu za Widmark. Polisi nao walipewa ruhusa ya kuingia nyumbani pale ambapo ajali imejeruhi mtu. Na mwaka 1985 Malodi walifunga mlango wa nyuma: hata kama polisi waliingia kimakosa na kukamata kimakosa, sampuli iliyotolewa baadaye kituoni kwa utaratibu sahihi inabaki kuwa sampuli.

Miaka michache baadaye hesabu ile iliyokataliwa 1971 ilirudi, safari hii mkononi mwa mshitaki. Dereva mmoja alitoa damu zaidi ya saa nne baada ya ajali iliyomuua abiria wake. Damu ilikuwa na miligramu 59, chini ya mpaka. Wataalamu walirudi nyuma saa kwa saa, wakaonyesha kwamba wakati wa ajali alikuwa amevuka kiwango kwa mbali. Mwaka 1989 Malodi wakakubali. Kungoja pombe ipungue mwilini hakukuwa tena kinga.

Mashine nazo zilipata siku zao kizimbani. Mara tu baada ya 1983 walizuka madereva walioapa kwamba zimewasingizia, na malalamiko yakafika mbali kiasi kwamba Profesa William Paton wa Oxford aliombwa achunguze. Akaona kwamba kwa jumla zinaaminika. Kwa muda mrefu aliyesomeka kati ya 35 na 50 alikuwa na haki ya kudai damu au mkojo badala ya pumzi. Daktari alichelewa kufika, pombe ikapungua, mtu akanusurika. Haki hiyo ilifutwa mwaka 2015.

Mwaka huohuo dawa za kulevya zilipewa namba zake katika Uingereza na Wales, pamoja na utetezi mpya kabisa: kwamba dawa niliandikiwa na daktari, nikaimeza kama nilivyoelekezwa. Haukupita muda, likazuka lililowafanya hata wapinga walevi wakae kimya. Mwaka 2017 ilibainika kwamba katika maabara moja ya Manchester takwimu za vipimo zilikuwa zimechezewa, na zaidi ya sampuli 10,000 zikatiliwa shaka. Watu waliokwisha kuhukumiwa kwa kuendesha wakiwa na dawa mwilini walifutiwa hatia. Waliokuwa wakidai kila mara kwamba karatasi ya maabara ihojiwe, na kuitwa wajanja, safari hii walikuwa wamesema kweli.

Nimesema tutakutana tena na maneno ya 1930. Tunakutana nayo Kenya. Sheria ya Trafiki, sura ya 403, ilitungwa mwaka 1953, chini ya mkoloni, na kifungu chake cha 44 kilinakili Uingereza ya zamani: kuendesha ukiwa umekolewa na kileo au dawa kiasi cha kutoweza kulimudu gari ipasavyo. Waingereza wenyewe walikuwa wameyalegeza maneno yale mwaka 1962 na kuyawekea namba pembeni mwaka 1967. Kenya iliendelea kuyategemea.

Mwaka 2011 Waziri alitoa kanuni za kipimo cha pumzi. Mikrogramu 35 katika pumzi, miligramu 80 katika damu, 107 katika mkojo: namba zilezile za Uingereza, hadi ya mwisho. Desemba 2013 mashine ikaingia barabarani, na mji mzima ukajifunza jina lake, Alcoblow. Usiku wa Ijumaa Nairobi watu walitumiana ujumbe kuambiana kizuizi kimewekwa barabara ipi. Wengine waliacha magari baa na kurudi kwa teksi, jambo ambalo ndilo lililotakiwa. Wengine walikwenda mahakamani.

Hoja ya waliokwenda ingeeleweka na wakili yeyote wa London wa miaka ya sitini. Bunge, walisema, limetunga kosa la kutoweza kulimudu gari. Kanuni za Waziri zimetunga kosa jingine, la kuzidi namba. Mtu anaweza kuzidi namba na bado akalimudu gari, na kanuni haiwezi kuwa kubwa kuliko sheria iliyoizaa. Mahakama Kuu iliwakatalia. Mahakama ya Rufaa, Januari 2017, ikawakubalia: kanuni zile zinapingana na kifungu cha 44.

Kasoro waliyoikuta ilikuwa ya kweli, na haikuwa ya mlevi. Ilikuwa ya aliyechukua namba za 1967 na kuziweka juu ya maneno ya 1930 bila kulirudia Bunge. Castle, pamoja na vitisho vyote, namba yake aliipitisha bungeni.

Polisi wa Kenya walitangaza baada ya hukumu kwamba bado watawakamata madereva walevi, kwa kutumia kifungu cha 44. Maana yake ni kwamba askari alirudi kuthibitisha kuwa mtu hakuweza kulimudu gari lake: aliyumba vipi, alisemaje, macho yalikuwaje.